NeoMutt: natafutaje ndani ya barua bila kumaliza data?

mama_hesabu

Wasee habari za mchana. Nafanyia watu vitabu vya hesabu hapa Nairobi, wenye hadwea, wenye salon, kuna mmoja anachomelea mageti huko Gikomba, na sai vile mnajua ni Juni, kila mtu amekumbuka ritani za KRA, wale wa ushuru, na tarehe 30 inakaribia kwa hivyo simu hazinyamazi. Wateja wananitumia ankara zao kwa imeili, zingine za eTIMS ule mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, zingine risiti za kawaida zimepigwa picha, zote zinaingia akaunti moja ya Gmail na mimi nasomea kwa NeoMutt, ile programu ya imeili ya terminali, juu laptopu yangu ni ya zamani, brauza ikifunguka tu kila kitu inaganda, lakini kwa terminali inakimbia poa sana na nimeizoea, sitaki kuambiwa nirudi kwa brauza tafadhali.

Shida ni kutafuta. Nikibonyeza `l` nikaandika `~b ankara` naona pale chini inashusha barua moja baada ya ingine, na intaneti yangu ni hotspoti ya simu, bando inaisha kabla hata haijafika nusu. Ya pili, nikiandika `~s Invoice` napata chache na najua kabisa ziko zaidi. Ya tatu, nikishachuja kwa tarehe halafu nichuje kwa jina la mteja, ile ya tarehe inapotea, naletewa barua za 2021 huko.

Nataka za 2024 pekee, Januari mpaka Desemba, mteja kwa mteja. Mnafanyaje?

kibodi_ya_buru

Mama Hesabu karibu, hizo zote tatu zina majibu na hauhitaji kuhama.

Tuanze na data juu ndio inauma. NeoMutt ikifungua folda ya IMAP, yaani ile inakaa kwa serva ya imeili, inashusha vichwa vya barua peke yake, yaani nani ametuma, kwa nani, lini, mada, ukubwa. Mwili wa barua unabaki kwa serva mpaka siku utaifungua. Sasa `~f` ya mtumaji, `~s` ya mada, `~d` ya tarehe na `~z` ya ukubwa zote zinasoma hivyo vichwa ambavyo tayari uko navyo, hazikuli kitu. Lakini `~b` inataka mwili, na haina namna ingine ila kuleta barua nzima hapo kwako ndio iisome, nzima na atachimenti yake, yaani PDF ya mega tano inashuka yote ndio itafutwe neno moja. `~B` pia ni hivyo, na ukiwa na barua za miaka mitano kwa hio folda hesabu yake unaijua wewe kunishinda.

Badala ya ile alama ya wimbi weka ya sawasawa:

`=b ankara`

Hapo NeoMutt inaambia serva itafute yenyewe na irudishe orodha tu ya zile zimepatikana. Inakuja haraka na data inayotumika ni kidogo sana. Tofauti ni kwamba na `=` unatafuta maandishi vile yalivyo, hauwezi kuweka rejeksi (yaani kanuni ya kulinganisha herufi) kama kwa `~`.

Kitu ingine watu hawaambiwi ni mpangilio. Ukiandika patani mbili, yaani masharti kama `~d` na `~f`, zikifuatana bila kitu katikati maana yake ni zote mbili lazima zikubali, na zinapimwa kutoka kushoto, ya kwanza ikikataa barua hio zingine haziguswi kabisa. Kwa hivyo hata ukilazimika kutumia `~b`, weka za bei rahisi mbele:

`~d 01/01/2024-31/12/2024 ~f kamau ~b ankara`

Hio itashusha miili ya barua za Kamau za 2024 pekee. Ukianza na `~b` itashusha dunia yote halafu ndio ikumbuke kuangalia tarehe. Tarehe zinaandikwa siku, mwezi, mwaka vile sisi tumezoea na usiweke nafasi kati ya hio deshi.

Hapo pia umejibiwa la tatu. `l` kila mara inaanza na folda nzima, haijengi juu ya kichujio kile kiko, kwa hivyo tarehe na jina lazima ziandikwe pamoja kwa mstari mmoja. Si lazima uandike upya kila saa, ukibonyeza `l` halafu mshale wa juu inakurudishia ile ya mwisho, unabadilisha jina la mteja tu unaendelea. Weka hii kwa faili yako ya mipangilio ndio historia isipotee ukifunga:

`set save_history = 1000`

Ukisahau umechuja na nini, Esc halafu `l` inakuonyesha. Kurudisha barua zote ni `l` halafu `all`.

La pili ni ile I kubwa yako. Ukiandika herufi zote ndogo inapata kubwa na ndogo, lakini ukiweka hata herufi moja kubwa inakuwa kali, inataka vile vile ulivyoandika. Watu wengi wanatuma INVOICE yote kwa kapitoli, hizo ndio zilikuwa zinakupita. Andika:

`~s "invoice|ankara|risiti|receipt"`

Hizo alama za kunukuu usiziache ukiwa na neno zaidi ya moja, bila hizo sehemu ya pili inasomwa kama patani ingine na utaona kosa.

njoro_shell

Mimi kwa ushauri wangu, shusha barua zote mara moja kwa waifai ya mtu, zikae kwa mashine kwa Maildir, yaani folda ambapo kila barua ni faili yake, halafu tumia `grep -ril ankara` kwa hio folda basi. Hakuna kujifunza patani hata moja na haihitaji intaneti tena.

serva_kasarani

Njoro kushusha nakubaliana na wewe mia kwa mia, lakini grep itamdanganya vibaya na hii ni kazi ya ushuru, haiwezi kuwa na mashimo. Barua nyingi zinazotumwa na mifumo, za benki, za eTIMS, zile za HTML zenye rangi rangi, mwili wake unasafiri ukiwa umefungwa kwa base64. Ukifungua hio faili kwa Maildir unaona herufi zimepangwa kama ukuta, neno ankara halimo hata mahali pamoja ingawa ukisoma kwa NeoMutt liko hapo wazi. Grep inasoma faili vile ilivyo kwa diski, itasema haijaona kitu, na wewe utaamini. Hata zile hazijafungwa hivyo, kuna quoted-printable, njia ingine ya kupakia barua, ambayo inakata mstari mrefu katikati ya neno na inaweka alama ya sawasawa mwishoni, kwa hivyo "ankara" inaweza kuwa "ank" huku na "ara" mstari unaofuata.

NeoMutt yenyewe inafungua hayo yote kabla ya kutafuta, mradi `thorough_search` iko `yes`, na kawaida iko. Kama kuna mtu alikupea faili ya mipangilio yake ukakopi, angalia kama aliizima, kuna watu walikuwa wanaizima zamani ndio kutafuta kuende kasi.

Mama Hesabu, mimi naona kwa kazi yako ambayo inarudi kila mwaka, `=b` itakusaidia leo lakini njia ya kudumu ni mbsync pamoja na notmuch. mbsync inakopi folda ya serva mpaka kwa mashine yako, mara ya kwanza itakuwa nzito kwa hivyo tafuta waifai, baada ya hapo inaleta mpya tu. Kwa Gmail utahitaji nenosiri la programu, na hilo halitoki mpaka uwashe uthibitishaji wa hatua mbili. Na tafadhali weka `Sync Pull` kwa mipangilio ya mbsync. Maana yake mabadiliko yanatoka kwa serva kuja kwako tu, hata ukifuta kitu kwa laptopu kwa haraka ya Juni, nakala ya serva inabaki salama. Kopi folda ya All Mail peke yake, juu Gmail inaonyesha barua moja kwa kila lebo iko nayo na ukikopi zote utakuwa na nakala mara mbili mara tatu za kitu kimoja.

Halafu notmuch. Hii ilianzishwa na Carl Worth 2009 na ndani inatumia Xapian, yaani inasoma kila barua mara moja, inatengeneza faharasa kama ile ya nyuma ya kitabu, na baada ya hapo kila swali ni la nukta, hata uwe na barua laki moja. Ukiweka unaita `notmuch setup`, halafu `notmuch new` kila ukileta barua. Swali linakaa hivi:

`notmuch search from:kamau and date:2024-01-01..2024-12-31 and tag:attachment`

Hio tagi ya attachment inajiwekea yenyewe. NeoMutt inaweza kuonyesha hayo majibu kama folda, angalia kwanza kama yako ilijengwa na notmuch, `neomutt -v` halafu utafute `+notmuch` hapo ndani. Kama iko, weka mistari kama hii kila mteja mmoja:

`virtual-mailboxes "Kamau 2024" "notmuch://?query=from:kamau and date:2024-01-01..2024-12-31"`

na jina la mteja linakaa pale kando kama folda ya kawaida, lakini hakuna barua imehamishwa popote. Hii ndio kitu napenda zaidi kwa huu mfumo, kwamba barua moja inaweza kuwa kwa "Kamau 2024" na kwa "hazijalipwa" na kwa "uliza tena" bila kukopiwa.

mama_hesabu

Asanteni sana jamani, Mungu awabariki. Ile ya herufi ndogo peke yake imenipatia barua za mteja mmoja nilikuwa nataka kumpigia simu nimwambie hajatuma. Na `=b ankara` imekuja mara moja.

Lakini sasa nimejaribu `=b lip` nikitaka zote za malipo, malipo, nimelipa, imelipwa, watu wanaandika tofauti tofauti, na haikuleta hata moja. Na kwa `~b lip` kwa mteja mmoja zilikuja. Kwani nimekosea wapi?

ngara_maandishi

Mama hapo haujakosea, hapo ni Kiswahili kimekutana na mitambo yenye ilijengwa ikifikiria lugha zingine, na hii mada mimi iko kwa roho juu naona watu wetu wanahangaika nayo bila kujua sababu.

Gmail inatafuta neno zima. Ukiiambia `lip` inatafuta barua zenye neno "lip" limesimama peke yake, na hakuna mtu ameandika hivyo. Rejeksi ya NeoMutt kwa `~b` haijali mipaka ya neno, inaona l-i-p popote, ndani ya nimelipa, ndani ya malipo, ndani ya kulipia, kwa hivyo inakuletea zote.

Notmuch nayo, pamoja na uzuri wake wote ambao nakubali, ina shida hio hio na usipojua itakuangusha. Inakata miisho ya maneno kwa kanuni za Kiingereza, kwa hivyo mtu akitafuta payment na payments anapata zote. Na inakubali nyota mwisho wa neno, `ankar*`. Lakini maneno yetu yanabadilika mbele, ni-me, u-li, wa-ta, ma, ku, vyote vinakaa kabla ya shina, na nyota ya mbele haikubaliki hapo. Kwa hivyo shina `lip` halipatikani kwa notmuch hata ufanye nini, lazima uorodheshe:

`(malipo or nimelipa or tumelipa or imelipwa or nitalipa or kulipa)`

Ni kazi, najua, lakini unaandika mara moja unaihifadhi. Notmuch ina amri ya kuhifadhi swali kwa jina:

`notmuch config set query.malipo "malipo or nimelipa or tumelipa or imelipwa or kulipa"`

halafu unatafuta `query:malipo and from:kamau` na ukikutana na umbo jipya unaongeza hapo. Kwa mada na mtumaji notmuch inakubali rejeksi, `subject:/lip/`, lakini kwa mwili hapana.

Kwa hivyo mimi nafanya zote mbili kwa mpango: notmuch inapunguza kwa tarehe na mtumaji mpaka zibaki chache, halafu ndani ya hio folda ya notmuch natumia `l` na `~b lip`. Barua ziko kwa diski tayari, hakuna data inaenda, na rejeksi inashika kila umbo. Ningependa siku moja mtu aandike kikata mashina cha Kiswahili cha Xapian, wanafunzi wa kompyuta kwa vyuo vyetu hii ni kazi ya mradi kabisa, na itasaidia watu wengi kuliko programu ingine ya kuitisha teksi.

kibodi_ya_buru

Ngara asante kwa hio, mimi sikuwa nimefikiria nyota ya mbele.

Niongeze moja kwa Mama. Ukichuja na `~f kamau` unaona barua za Kamau tu, majibu yako kwake hayaonekani, na mara nyingi ile bei ya mwisho mlikubaliana iko kwa jibu lako. Tumia hii:

`~(~f kamau) ~d 01/01/2024-31/12/2024`

Hio, ukiwa kwa All Mail, inaleta mazungumzo yote ambayo Kamau ameandika ndani yake, ya kwake na yako na ya yeyote. Unahitaji `set sort = threads`. Na kama una anwani zaidi ya moja ziweke kwa `alternates`, bila hivyo `~p` na `~P`, yaani zilizoandikiwa wewe na ulizoandika wewe, zitajua anwani moja tu.

mama_hesabu

Nimeelewa. Nimepata waifai ya jioni hii nitashusha zote. Swali la mwisho tafadhali. Nikishachuja zikabaki ankara za mteja mmoja, natoaje PDF zote ziende folda moja? Saa hii nafungua barua moja moja, `v`, halafu `s`, na kuna mteja ana barua mia na kitu.

serva_kasarani

Ndio. Weka alama kwanza halafu utume zote kwa amri moja. Baada ya kuchuja bonyeza `T` uandike `~A`, zote zilizo mbele yako zinapata nyota, zilizofichwa haziguswi. Pitia kwa macho, yenye hutaki itoe nyota kwa `t`. Halafu hakikisha mipangilio ina hii, ndio kila barua itumwe peke yake isiwe mchanganyiko mmoja:

`set pipe_split = yes`

Weka ripmime kwa mashine, tengeneza folda ya mteja, halafu `;` ikifuatwa na `|` na hii:

`ripmime -i - -d ~/ritani/kamau`

Itatoa atachimenti zote. Itatoa pia vifaili vinaitwa textfile0, textfile1, hayo ni maandishi ya barua yenyewe, futa kama huyahitaji. Fanya hii ukishashusha barua, si kwa hotspoti.

Jua tu kwamba kutafuta hakuoni ndani ya PDF, si NeoMutt si notmuch kwa kawaida. Na zile za taarifa za M-PESA zinakuja na nenosiri, hizo hata ukizitoa itabidi mteja akupe namba ya kufungulia. Kwa hivyo kuzipata tegemea mtumaji na mada.

Kitu ingine na hili nalisema kwa uzito. Ukishashusha, laptopu yako itakuwa imebeba PIN za KRA za watu, ankara zao, pesa zao zote za mwaka. Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na wewe hapo ndio unashikilia data ya wengine. Funga diski yote kwa nenosiri ukitumia LUKS, mfumo wa usimbaji wa Linux, na kwa sababu laptopu inatembea nawe kwa matatu hio kazi fanya kabla ya mbsync, si baadaye.

ngara_maandishi

Na zile risiti za kupigwa picha usizisahau, hazina neno lolote la kutafuta, mtu anatuma picha tu bila mada. Zitafute kwa ukubwa na aina:

`~d 01/01/2024-31/12/2024 ~f kamau ~z >100K ~M image/jpeg`

Hio `~z` iko hapo ndio isikuletee kila barua yenye nembo ndogo ya kampuni pale chini ya sahihi. `~M` inalazimika kufungua barua ndio ione aina, kwa hivyo iache mwisho wa mstari. Simu zingine zinatuma PNG, na za iPhone wakati mwingine ni HEIC, kwa hivyo ukiona mteja amekosa miezi fulani badilisha iwe `~M image/` peke yake uangalie tena kabla ya kumpigia.